Sifa za Bomba Linalokoroma

Wengine waende wakausifu Mlima Kenya, chai ya Runyenjes na kahawa ya Manyatta. Mambo hayo yana wasemaji wake. Mimi nimesimama kulisifu bomba la tangi la samaki: bomba la PVC lililofichwa ndani ya kabati la sebuleni, linalokoroma usiku kucha mpaka mgeni anauliza ni nani amelala humo, na lenye upenyo kwenye kiungo unaodondosha tone, unatafakari, kisha unadondosha jingine.

Tuanze na nasaba, kwa kuwa anayesifiwa bila ukoo huonekana wa kuokotwa. Wazee wa Aembu na Wameru hawakuwa na shughuli na samaki. Rupingazi ilishuka kutoka mlimani, Thuci ikapita zake, na samaki waliokuwamo wakazeeka na kufa vifo vya kawaida. Kisha akaja Mzungu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alitia trauti katika mto Gura, kule Nyandarua, ili waungwana wapate cha kuvua. Ikapita karne, na mwaka 2009 serikali ikaja na mpango wa kuchochea uchumi: mabwawa 200 katika kila eneo bunge lililochaguliwa, maeneo bunge 140 kwa jumla, na Meru ikapewa kiwanda cha kusindika samaki huko Kanyakine. Trauti alikuwa wa mkoloni, ngege akawa wa serikali. Samaki wa dhahabu wa sebuleni, huyo mwananchi amemleta mwenyewe, kwa pesa zake, akamjengea nyumba ya kioo, akamlipia stima, na bado hathubutu kumla. Mnyama wa heshima namna hiyo hawezi kukaa bila msemaji, na kwa kuwa mwenyewe hasemi, bomba humsemea.

Tena linasema kwa kanuni. Maji hufurika kwenye pembe ya tangi, huingia katika bomba la wima na kushuka hadi tangi dogo la chini, huchujwa hapo, kisha pampu huyarudisha juu. Yakiporomoka hubeba hewa. Bomba likijaa linakuwa saifoni: linavuta kwa pupa, maji ya pembeni yanashuka mpaka mdomo wa bomba unabaki wazi, linagugumia hewa, mvuto unakatika, maji yanapanda, na mambo yanaanza upya. Choo cha kuvuta kikifanya hivyo mara moja watu huondoka wameridhika. Bomba likifanya hivyo mchana kutwa linaitwa bovu. Hapo mimi sioni haki.

Mmarekani mmoja, Richard Durso, alijulikana kwa kuyatafutia dawa makoromo haya. Bomba huvikwa kiwiko kichwani, mdomo ukatazama chini ndani ya maji, na juu yake hutobolewa kitundu ili hewa iingie kidogo kidogo bila kugombana na maji. Dawa hiyo inafanya kazi, jambo linalonisikitisha.

Linanisikitisha kwa sababu ya samaki. Embu mjini iko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kuliko wa Mombasa kwa takriban asilimia 15, na maji hupokea oksijeni kwa kadiri ya mgandamizo huo. Kwa hiyo samaki wa Embu anapumua kwa bajeti. Maji yanayoporomoka kwa fujo na kujichanganya na hewa ndiyo yanayomfidia. Namjua mtu aliyelipa pesa ili bomba linyamaze, kisha akanunua pampu ya hewa. Inanguruma vizuri sana.

Lakini sifa kuu ya bomba hili ni uaminifu. Wapo wajuzi wanaoliondolea hewa yote: wanaweka valvu chini, wanaibana taratibu mpaka bomba lijae maji matupu, na nyumba inatulia kiasi cha kumsikia konokono akilamba kioo. Utulivu huo una masharti. Bomba lililojaa halina nafasi ya ziada. Jani moja likinasa kwenye valvu, pampu inaendelea kupandisha maji na zulia linaendelea kuyapokea. Ndiyo maana mwenye kutaka kimya cha uhakika huweka mabomba matatu: moja limejaa, la pili linachukua kinachozidi, la tatu limekaa kavu likingoja msiba. Linalokoroma lina hewa ndani, na hewa ni nafasi. Linafanya kazi peke yake, bila kamati.

Halafu kuna stima. Huko chini Mbeere, Tana imepangiwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Nchi inawasha taa kwa maji yanayopita mpakani mwetu, na sisi tulio jirani stima inatupotea vilevile. Ikipotea saa nane za usiku, mwenye tangi la kimya hana habari mpaka asubuhi. Mwenye bomba la kelele anaamshwa na ukimya. Na ana sababu ya kuamka: pampu ikizima, bomba la kurudishia maji hugeuka na kuyavuta ya juu yashuke, na kama halikutobolewa kitundu karibu na uso wa maji cha kukata mvuto, tangi la chini hufurika. Mlinzi wa zamu hulipwa mshahara kwa kazi ndogo kuliko hiyo, na bado husinzia.

Upenyo nao usionewe. Fundi akiitwa huja na tepu nyeupe, gundi na spana kubwa, anachuchumaa, anapapasa, anatangaza: "Mzee, hii nitaikaza mpaka isahau maji." Plastiki haipendi kukazwa na mwenye hasira. Inapasuka kimyakimya, tone linakuwa mchirizi, na fundi anapigiwa simu kesho yake, malipo mapya. Tone la kwanza lilikuwa likiteremka hadharani, beseni likiwa chini yake, halimdai mtu chochote.

Beseni hilo si la kudharauliwa. Maji ya samaki yana naitreti, chakula ambacho mboga hukinunua kwetu kwa bei ya mbolea. Jirani aligundua mapema kwamba sukuma wiki yangu inanawiri kuliko yake, akaja kukagua, akainama ndani ya kabati, akasikiliza mkoromo, akalitazama tone mpaka likaanguka. Kisha akauliza, kwa adabu, kama kile kiungo kingine cha nyuma hakiwezi kulegezwa kidogo, maana beseni anaweza kuleta mwenyewe.