Wali wa Usiku La Grande-Motte

Mwezi wa Julai, huko La Grande-Motte kusini mwa Ufaransa, jua huzama baada ya saa tatu usiku. Mama, aliyetoka Tanga kuja kumwona dada na wajukuu, ana utaratibu wake wa tangu ujanani: huswali Magharibi kwanza, ndipo hushika sufuria. Kwa hiyo wali wa nazi ulikuwa ukiinjikwa karibu na saa nne, na vita vyetu na umeme vilianzia hapo.

Nyumba yenyewe tuliyokodi ni chumba kimoja. Ukifungua mlango unakuta kipembe chenye vitanda viwili vya juu na chini, kisha bafu, kisha sofa inayokunjuliwa kuwa kitanda. Ukutani pana jiko la umeme la plati mbili na friji fupi, na nje roshani. Tulikuwa watu sita. Dada na shemeji hawamudu hoteli, na mimi naona walichagua vyema.

Mji ule ulikusudiwa watu wa kipato chao. Wafanyakazi wa Ufaransa walipata likizo yenye malipo ya wiki mbili mwaka 1936. Kufikia 1982 zilikuwa wiki tano. Watu wote hao wangeota jua wapi? Mwaka 1963 serikali iliunda tume iliyoongozwa na Pierre Racine ili pwani ya Languedoc, iliyokuwa na vinamasi na mbu, igeuzwe mahali pa mapumziko, watu wasipitilize hadi Hispania. Msanifu Jean Balladur akaichorea La Grande-Motte majengo ya mfano wa piramidi, baada ya kuvutiwa na yale ya kale ya Teotihuacan huko Meksiko. Ghorofa zake hupanda kwa ngazi, kwa hiyo jirani wa chini alitusikia vizuri sana.

Alikuwa na mengi ya kusikia. Usiku mmoja plati ya kwanza ilikuwa na wali, ya pili samaki wa kukaanga tuliowanunua Le Grau-du-Roi, bandari ya wavuvi iliyo jirani. Tui limeanza kukauka, mara giza! Shemeji akapanda kiti, akamulika kwa simu, akairudisha swichi kuu. Mwanga ukaja, ukakatika tena. Tukazima plati ya samaki, tukang'oa birika la chai. Umeme bado haukudumu.

"Baba, nipeni mkaa niupalie huu wali," Mama akasema.

"Mama, mkaa hauruhusiwi kwenye roshani."

Hakubishana. Aliifunika sufuria vizuri, akaizungushia kanga, juu yake taulo mbili za ufukweni, akaisukumia kwenye kona ya sofa na kumkataza kila mtu kuigusa. Watoto walilalamika njaa. Akawaambia watulie, wali unajipika.

Hodi ikapigwa. Ni yule jirani wa chini, mzee mstaafu, ameshika tochi na sahani ya aprikoti. Hakuja kugomba. Alifungua kisanduku cha swichi, akatuonyesha kiswichi kidogo kando ya zile nyingine. Kumbe tangi la maji ya moto hujiwasha lenyewe saa nne na nusu, umeme unapokuwa wa bei nafuu, na nyumba ndogo kama ile ina kikomo kidogo cha umeme. Tangi na plati kwa pamoja haviwezekani. Kiswichi kina hatua tatu: zima, ijiendeshe, washa. Akatuelekeza kukizima mpaka tumalize kupika, kisha tukirudishe, la sivyo asubuhi tungeoga maji baridi.

Mama alifungua taulo. Wali ulikuwa umeiva, umekauka, punje mbalimbali. Alipakua fungu la kwanza, akaweka na samaki kwenye sahani ileile ya aprikoti, maana kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili. Mzee akatoka na wali, jioni ya pili akaleta tikiti.

Jumamosi, mwakilishi wa wenye nyumba alikuja kukagua. Alihesabu vikombe, uma na vijiko, akainusa sofa, akauliza ni harufu gani. Dada akamjibu kwa Kifaransa chake safi kwamba ni nazi, na dhamana ikarudishwa yote. Uma mmoja ulizidi. Mama akashuka nao chini mbio, na pakiti ya iliki mkononi.