Ufa Nao Usifiwe

Wahenga waliudhulumu ufa. Katika methali inayojulikana na kila mtoto wa shule waliutaja mara moja tu, tena kwa kuagiza uzibwe, kisha wakaingia kwenye habari za ukuta. Hakuna aliyejali kuuliza ufa ulikuwa unasema nini. Tangu hapo, kutoka Rongo hadi Mbita, anayejenga akiona mstari umeteremka kutoka pembe ya dirisha hadi sakafuni hushika kichwa kwanza, halafu hushika simu kumtafuta fundi. Wa kuutetea mstari wenyewe hajatokea.

Mwenye kusifiwa huulizwa ukoo, na ukoo wa ufa ni mkubwa. Ghuba ya Winam imelala ndani ya tawi la Bonde la Ufa lililochepuka kuelekea magharibi, na vilima vya Homa na Ruri ni volkano za kale zilizopata pa kutokea kwa kuwa ardhi ilikuwa imepasuka. Hata Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la karibu na Kendu Bay linalosimuliwa kwamba lilimeza kijiji kilichomkataa bibi kizee, wanajiolojia wanasema ni shimo lililochimbwa na mlipuko wa volkano. Upande wa Migori ukoo umejaliwa mali. Dhahabu ya machimbo mengi ya huko hukaa kwenye mishipa ya kwatzi, na mishipa hiyo ilikuwa nyufa za mwamba kabla maji ya moto kutoka chini hayajazijaza madini. Mchimbaji wa Nyatike anayeulaani ufa wa sebuleni alfajiri, kisha akashinda kutwa akiutafuta mwingine kwa sururu, hana shukrani.

Tuje kwenye kazi zake. Kwenye mjengo kila mtu ana la kuficha. Muuza mchanga hasemi kwamba mzigo wake nusu ni tope. Fundi hasemi kwamba siku ya kumwaga lenta simiti ilipungua, na kokoto zikaongezwa kufidia. Mwenye nyumba naye hasemi kwamba alishauriwa uwanja upimwe udongo akaona pesa hizo zitamtosha kuongeza mabati. Ufa peke yake ndio husema, tena kwa mwandiko unaosomeka. Ule unaopanda kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali unaeleza kwamba upande mmoja wa msingi umeketi chini kuliko mwenzake. Ulionyooka wima pale matofali yanapokutana na nguzo ya zege unalalamika kwamba wawili hao hawakufungwa pamoja. Vijistari visivyo na mwelekeo vilivyotapakaa kwenye plasta ni taarifa tu kwamba jua liliuwahi ukuta kabla haujamwagiliwa maji ya kutosha. Hivyo havimtishi mtu, ila vinauaibisha mwiko.

Kipaji chake kikubwa huonekana kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Bonde la Lambwe. Udongo huo hunywa maji ukavimba, kisha kiangazi kikija husinyaa na kupasuka hadi mguu wa ndama unazama. Nyumba iliyokalishwa juu yake hupanda na kushuka na misimu. Pembe huwahi, kwa sababu mvua na jua huzifikia upesi, ilhali udongo wa katikati chini ya sakafu umefunikwa na haubadiliki haraka. Ukuta hauwezi kufuata pande zote mbili, hivyo huchagua kupasuka. Mwezi wa Februari ufa unapitisha kidole. Mwezi wa Mei, baada ya mvua za masika, unaweza kujifumba karibu wote.

Mafundi wazoefu wanaijua kalenda hiyo vizuri. Mama mwenye nyumba hupiga simu Januari. Fundi yuko Oyugis, ana kazi nyingine. Hupiga tena Februari, pikipiki imeharibika. Fundi hutokea mwisho wa Aprili akiwa safi, huzunguka nyumba mikono mgongoni, na kutangaza:

“Mama, si unaona? Nyumba ilikuwa inajikalia tu. Imeshatulia.”

Hupewa chai. Ufa, ambao ni mvumilivu na haujibizani na wageni, husubiri Januari.

Kwa mwenye nyumba anayeishi Nairobi au Doha na kutuma pesa kwa M-Pesa, ufa ni ndugu wa pekee asiyeomba nauli. Picha anazopokea kwenye simu zimepigwa kutoka upande mzuri, asubuhi, mafundi wametabasamu. Msingi umelipiwa, lenta imelipiwa, paa limelipiwa. Ni ufa utakaomngoja kikazi siku atakaposhuka na familia Krismasi, na kumwonyesha mbele ya shemeji zake ni wapi pesa zilikoishia.

Ufa pia hufundisha sheria. Watu wengi huku hujenga kwa mapatano ya mdomo, mwenye nyumba akinunua vifaa na fundi akileta mikono, mpango ambao kasoro ikitokea humpa kila mmoja wa kumsingizia: fundi atasema simiti ilikuwa mbaya, mwenye simiti atasema mchanganyo ulikuwa mbaya. Mikataba ya makandarasi wakubwa huzuia sehemu ya malipo mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kipite. Kwenye nyumba ya vyumba vitatu kule Awendo jambo hilo huonekana kama matusi kwa fundi, hasa akiwa binamu. Ufa ukishaingia kikao, kila mtu hugundua faida ya karatasi, na mwenye nyumba ya pili huanza kwa kuandika.

Halafu unafundisha subira ya kitaalamu. Kabla ya kugombana, wanaojua hubandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa simiti na kuandika tarehe. Kioo kikivunjika, nyumba bado inasogea, na kuujaza ufa plasta ni kuvisha mgonjwa shati. Upana nao hupimwa: kwa kawaida usiozidi milimita 5 huhesabiwa doa la sura, na unaozidi 15 humwita mhandisi. Dawa ya udongo mweusi ni ya gharama na ilipaswa kutangulia, yaani kuuchimba wote hadi kwenye tabaka gumu na kujaza murram iliyoshindiliwa. Ikichelewa, hubaki kuimarisha msingi kipande kwa kipande na kuyapeleka maji ya paa mbali na ukuta. Kazi hiyo ya mwisho ni rahisi, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Wapinzani watasema ukuta bora hauna nafasi hata moja. Waende Thimlich Ohinga, katika kaunti hiyohiyo ya Migori. Kuta zile za mawe, nyingine zikifika mita 4, ziliinuliwa bila tope wala chokaa yapata karne ya 16, na UNESCO ikaziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kila jiwe limeachiwa upenyo wa kujisogeza kidogo. Mafundi wale waligawa ufa mapema, ukutani kote, usije ukajichagulia pa kutokea.

Mwalimu Nyerere pia aliutambua. Mwaka 1995, akizungumza na waandishi wa habari Dar es Salaam, aliitazama Tanzania kama nyumba na kuzitaja nyufa zake moja baada ya nyingine, hotuba ambayo baadhi ya waliohusika wangependa ipakwe rangi.

Usipoheshimiwa, ufa wa Kenya una njia ya kwenda mahakamani. Mahakama za Madai Madogo, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na zinatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, hata kama mdai hana wakili. Ufa huenda na picha zenye tarehe, sarafu ikiwa pembeni kuonyesha upana, pamoja na ujumbe wa malipo. Ufa wa zaidi ya milioni 1 hauna budi kupanda ngazi nyingine, na huko, kwa jinsi kesi zinavyoahirishwa, utapata muda wa kutosha kufika dirisha la pili.