Mgeni Siku ya Watani

Ukifika Dar es Salaam siku ya mechi ya Simba na Yanga, usijidanganye kwamba shati lako jekundu ni shati tu. Konda wa Simba atakuita ndugu. Muuza maji wa Yanga atakurudishia chenji huku amenuna. Kujitetea kwamba huna timu ndiyo balaa zaidi: utahesabiwa Yanga mwoga. Yanga ni ya 1935, mwenzake Simba ya 1936, na hakuna anayetaka kustaafu. Uwanja wa Mkapa unachukua watu 60,000, wote makocha. Ila mgeni anayeenziwa kweli ni Al Ahly ya Misri akija kumkabili Simba: watu wa Jangwani, yaani Yanga, humshangilia kwa moyo mmoja, kizalendo kabisa, hadi zamu ya Simba wa Msimbazi kuwapenda Waarabu ifike.