Msinifungie Kabati

Adui yangu mkubwa ndani ya nyumba ni kabati lenye milango. Lile la vioo nalisamehe, maana angalau sahani naziona. Lakini hili la mbao, ambalo fundi wa Keko aliliweka sebuleni kwangu huku akijisifu, "Dada, hili litameza kila kitu," limetimiza ahadi kuliko ahadi yoyote niliyowahi kupewa na fundi. Limemeza kadi ya kliniki ya mtoto. Limemeza risiti za ada. Limemeza pasi, nikanunua nyingine, na siku ile ile niliyonunua, ya kwanza ikajitokeza nyuma ya mashuka, imejilaza kwa raha zake.

Mimi nina ADHD. Naitaja kwa herufi, kama walivyonitajia hospitali, kwa sababu nikiieleza kwa kirefu, upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliopitiliza, watu hunikagua juu hadi chini wakiutafuta huo utukutu kwa mama wa watoto watatu wa Tabata. Utukutu wangu uko ndani, haujavaa kaptula. Unaloweza kuliona kwa nje ni hili: kitu nisichokiona kwangu hakipo. Sijakidharau wala sijakisahau kwa makusudi. Kimetoka duniani. Mchicha ukishaingia droo ya chini ya friji, mimi na huo mchicha tumeagana.

Zamani madaktari wengi waliamini kwamba haya ni mambo ya watoto wa kiume wasiotulia darasani, na kwamba wakikua yanaisha. Sisi wasichana tuliokuwa tumekaa kimya dirishani tukihesabu kunguru hakuna aliyetushuku. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ule uitwao DSM-5, ukasema wazi kwamba mtu mzima anahitaji kuonyesha dalili tano, si sita kama mtoto. Nikapunguziwa dalili moja. Ndilo punguzo pekee maishani mwangu ambalo sikulipigania kwa muuzaji.

Basi, kwa kuwa kichwa hakishiki, nimeamua kuta zishike. Nyumba yangu imeandikwa. Mlangoni: FUNGUO, SIMU, MTOTO. Juu ya jiko la gesi: UMENIZIMA? Kwenye kioo cha bafuni: KIDONGE KWANZA, MSWAKI BAADAYE. Pembeni mwa mita ya umeme: SOMA UNITI, USIPITE. Kadi za michango ya harusi zimening'inia kwenye kamba ya sebuleni kwa vibanio vya nguo. Nguo za kesho ziko kwenye kiti, si kabatini. Dawa ziko mezani, unga uko kwenye ndoo yenye mfuniko mwangavu, ili nione umebaki kiasi gani. Mgeni akiingia anaona fujo. Mimi naona ratiba.

Mama mkwe wangu, Mungu amweke, alikuja kutoka Tanga kwa ajili ya kliniki ya macho. Macho hayo mabovu, lakini karatasi zangu zote aliziona. Alisimama katikati ya sebule, mkono kiunoni, akazisoma kimya kimya moja baada ya nyingine, kisha akasema kwa ule upole wa Tanga unaokata bila damu:

"Mwanangu, hapa kwako au ofisi ya serikali ya mtaa?"

Nikacheka. Nilipaswa kulia. Asubuhi yake nilikwenda kazini, na niliporudi nyumba ilikuwa inanukia udi, sakafu inang'aa, na hakuna kitu. Hakuna karatasi, hakuna nguo kitini, hakuna dawa mezani. Kila kitu kimewekwa "mahali pake". Nikauliza mahali pake ndipo wapi. "Kabatini, mwanangu. Kuna nafasi tele humo."

Wiki iliyofuata nyumba yangu ilikuwa safi kuliko nyumba zote za Tabata, na ilikuwa haiendeshiki. Umeme ulikatika katikati ya tamthilia, kwa kuwa mita haikuwa na wa kuisemea. Mtoto alikwenda shule na sweta la dada yake. Mtungi wa gesi uliisha maharage yakiwa nusu. Mume wangu, mtu wa amani, alikula hayo maharage nusu hivyo hivyo, akamsifu mama yake kwa usafi.

Halafu nikaona pindo la kanga ya mama mkwe. Lilikuwa limefungwa fundo, tena fundo kubwa.

"Mama, hilo fundo la nini?"

"Hili? La kunikumbusha."

"Kukumbusha nini?"

Akalishika. Akaligeuza. Akaliangalia kwa muda kama anayesoma. "Ngoja kwanza," akasema. "Nilikuwa nalijua asubuhi."

Sikusema neno, yeye ni mkwe na mimi nina adabu zangu. Lakini moyoni nilishangilia. Fundo la bibi zetu ni ukumbusho halali, lina heshima, hakuna aliyewahi kulifungua na kulipeleka kabatini. Kasoro yake ni moja: linakwambia kuna jambo, halikwambii jambo gani. Karatasi yangu inasema jambo lenyewe, kwa maka nyekundu, halafu inaitwa uchafu.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba watu wazito duniani wanaishi kwa karatasi na wanaitwa makini. Rubani hapai kabla ya kusoma orodha yake, hata kama ndege ile ameirusha miaka 20. Na si marubani tu. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali za miji minane duniani, ikiwamo London, Toronto na Ifakara yetu hapa Morogoro. Timu ya upasuaji ilitakiwa kusimama na kupitia kwa sauti orodha ya Shirika la Afya Duniani yenye mambo 19: mgonjwa huyu ni nani, tunampasua wapi, vifaa vimehesabiwa vikatimia? Vifo vya wagonjwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Fikiria hilo. Daktari bingwa anakumbushwa jina la mtu aliyelala mbele yake, na dunia inampigia makofi. Mimi nikibandika MCHUKUE MTOTO SAA TISA, naambiwa nijitahidi tu kukumbuka, wenzangu wote wanakumbuka.

Nilimsimulia mama mkwe habari za Ifakara, zote, na asilimia zake. Alisikiliza vizuri sana. "Lakini wao," akasema, "hawabandiki kwenye friji."

Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia maisha yake ya kazi kuitafiti hii ADHD, hufundisha kwamba tatizo letu si kutojua la kufanya, ila kulifanya tunalolijua kwa wakati wake. Ushauri wake ni kuutoa ukumbusho kichwani na kuuweka pale pale kazi inapofanyikia. Kwenye jiko, si kwenye daftari. Kwenye mlango, si kwenye droo. Kwa maneno mengine, yule bwana angekuja kwangu asingegusa kitu.

Sitaki kudanganya kwamba karatasi hazina visirani vyake. Vile vikaratasi vya njano vyenye gundi hafifu vilianza na mkemia Spencer Silver, aliyekuwa akitafuta gundi kali mwaka 1968 akaambulia gundi isiyoshika. Mwenzake kazini, Art Fry, ndiye aliyeipatia kazi, kwa sababu alikuwa mwanakwaya na alama za karatasi zilikuwa zikimdondoka kwenye kitabu cha nyimbo kanisani. Mwaka 1980 vikaenea madukani Marekani. Tatizo la Bwana Fry lilikuwa karatasi kudondoka, na alilitatua kwa hali ya hewa ya kwao Minnesota. Hakupata kukaa chini ya pangaboi la Dar es Salaam mwezi Machi. Ukiliwasha namba tatu, ratiba yangu yote inapaa. Siku moja mwalimu wa hesabu alinipigia simu kwa sauti ya mashaka: "Mama, kwenye daftari la mwanao pana karatasi inauliza, 'Umenizima?' Tumjibu nini?"

Na hata karatasi ikishika, jicho linaizoea. Hili lisikushangaze, umeliona mitaani. Maneno LEO FEDHA KESHO MKOPO yako kwenye kila duka la Mangi, na chini yake amesimama mteja anayeomba sukari ya mkopo. USITUPE TAKA HAPA, na lundo la taka limefunika herufi mbili za mwisho. Tangazo pekee linalosomwa kila siku kwa macho mapya ni NYUMBA HII HAIUZWI, na hilo ni kwa sababu kila mmoja anataka kujua ndugu gani alitaka kuiuza. Kwa hiyo nami nabadilisha: rangi leo, mahali wiki ijayo, ukali wa maneno mwezi unaofuata. ZIMA GESI ilizoeleka. UMENIZIMA? bado inanishtua.

Vijana huniambia nitumie simu, shangazi, kuna programu. Najua kuna programu. Simu inalia, naizima, na pale pale jambo lenyewe limezimika nalo. Nikiichukua kuangalia ilikuwa inasema nini, nakutana na kikundi cha ukoo wanagombana, na nikiinua kichwa ni magharibi. Mlio unapita. Ndoo haipiti.

Ndiyo, ndoo. Nilipoona maandishi yanachoka, nikahamia kwenye vitu, na vitu haviombi kusomwa. Siku ya mgao wa maji naipindua ndoo katikati ya kizingiti: huwezi kutoka bila kuiruka, na ukiiruka umeshakumbuka kufungua bomba la tangi. Fomu ya kurudisha shuleni naitia ndani ya kiatu changu cha kulia. Chakula cha mchana kikiwa kwenye friji, funguo za nyumba zinalala juu yake humo humo, ziko baridi lakini sitoki bila chakula changu. Mume wangu alilalamika kwamba nyumba imejaa mitego. Nikamwambia ndiyo, na mimi ndiye panya, amwache panya apange.

Kama kuna chombo katika nchi hii kinachoelewa watu kama mimi, ni kamati ya harusi. Hao hawaamini kumbukumbu ya mtu. Wanakupa kadi, wanakuandikia, wanakupigia, mweka hazina anakutaja kwenye kikundi kwa jina lako na kiasi ulichoahidi, na siku mbili kabla ya sherehe anasimama getini kwako akiuliza hali. Sijawahi kusahau mchango wa harusi hata mmoja. Ningepata kamati kama hiyo ya kunikumbusha vidonge, kadi za kliniki na uniti za umeme, ningekuwa mbunge sasa hivi.

Mama mkwe amesharudi Tanga salama, na karatasi zimerudi ukutani. Kabla ya kuondoka alinikumbatia akaniambia ananiombea nipate kutulia. Nami namshukuru, dua haikataliwi.

Ninyi wengine mtakaokuja kunisalimia, nawaomba kwa heshima zote. Mkiikuta ndoo mlangoni, irukeni. Mkikuta kiatu mezani, msikihukumu. Vyombo mkiosha, Mungu awalipe, viacheni kwenye beseni nivione. Na kama mkono umekuwasha na umeshapanga, basi andika kila kitu na ulikokiweka, kwa maka nene, halafu karatasi hiyo usinipe mimi. Mpe mume wangu.