Muulize Bibi Shamba

Bibi Shamba, shikamoo. Foleni ya Mbagala imenishinda. Nataka kuacha kazi nikalime matikiti ekari tano Morogoro. Nimepiga hesabu kwenye simu: mtaji unarudi mara tatu kwa siku 90. Nishauri.
Mchovu, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Hesabu za simu hazijawahi kupata hasara. Huko hakuna viwavi wala dalali. Tikiti likishaiva halingoji bei. Wote mliopiga hesabu hiyohiyo mtavuna wiki moja, na mwenye fuso atanunua kwa bei aitakayo. Kama unatafuta maisha, wala si bahati nasibu, tazama kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga. Kile cha Shimbwe Juu kiliingizwa na FAO katika urithi wa kilimo duniani mwaka 2011. Juu kuna miti ya kivuli, chini yake migomba, kisha kahawa, kisha magimbi. Ng'ombe yuko bandani anakula majani ya mgomba, na samadi yake inarudi shinani. Kahawa ikishuka bei, ndizi bado ziko jikoni. Shamba dogo hubebwa kwanza na kile ambacho nyumba hainunui, ndipo lije suala la kuuza.

Utasema ndizi hazilipi ada. Ni kweli, na hata vihamba, vilivyogawanywa kwa warithi mpaka vikabaki vipande, vinaegemea pesa ya watoto walio mjini. Ndiyo maana mshahara usiuache bado. Anza na kuku wa kienyeji na chanjo ya kideri: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Ukisahau tarehe hiyo, banda litakwisha, na ekari tano zitakuwa zimeokoka mikononi mwako. Ardhi nayo ina mwenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haikugawii bila idhini ya mkutano mkuu, kwa hiyo karatasi ya mwenyekiti peke yake ni ya kufungia maandazi.

Bibi Shamba, mume wangu ameuza friji akanunua pampu ya maji. Anasema tunahamia Morogoro kulima. Nifanyeje?
Mke wa Mchovu

Pole, mama. Muulize jembe la pili amemnunulia nani. Akisema ni lako, yale niliyomwambia kuhusu mshahara yanakuhusu zaidi wewe: wako usiuache kabisa.