Sifa Zimfikie Mtoza Hongo wa Vitunduni

Mtemi Mirambo wa Unyamwezi ana wasimulizi wake, na Tippu Tip, tajiri wa misafara, alijisimulia mwenyewe. Hata wapagazi wa Kinyamwezi wamepata wa kuwaimba. Aliyesahaulika ni kituo cha asidi, mkorofi anayeishi ndani ya vitundu vya zeolaiti na kulaaniwa na kila mpimaji anayetumia positroni. Leo tumpe haki yake.

Sifa huanza na nasaba. Zeolaiti ni madini yenye vitundu visivyofika hata nanomita moja. Huko Olduvai, majivu ya volkano yaliyolala katika maji ya magadi yaligeuka kuwa madini hayo. Kuta zake ni za silikoni na oksijeni. Aluminiamu ikikalia kiti cha silikoni, hesabu ya chaji hupungua kwa moja, na lazima apatikane wa kuliziba pengo. Ikija sodiamu, amani imedumu. Ikija protoni ya haidrojeni, mheshimiwa amezaliwa. Kumbe cheo chake kimetokana na kasoro ya mahesabu, wala si yeye wa kwanza.

Sasa matendo yake. Positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, ilionwa na Carl Anderson mwaka 1932. Mpimaji huipata kwenye sodiamu-22 na kuiachia ndani ya madini. Nyingine hushikana na elektroni zikawa positroniamu. Aina yake ya ortho, mahali patupu, huishi wastani wa nanosekunde 142. Kitunduni hugonga ukuta, na elektroni ya ukutani huimaliza mapema. Kitundu kikiwa kipana, ukuta hugongwa kwa nadra na umri hurefuka. Basi mpimaji husikiliza mwali wa gama wa kuzaliwa na ule wa kufa, akapiga hesabu, akatangaza upana.

Hapo ndipo mheshimiwa anapodai chake, kama watemi wa Ugogo katika karne ya 19. Msafara wa kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ulilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa doti za merikani na kaniki, maana maji na chakula vilikuwa vya wenyeji. Karani aliyebaki Unguja, akidhani vitambaa vimeishia kwenye posho tu, na akaipima nchi kwa siku vilizodumu, angechora ramani finyu. Nchi haikupungua hata shubiri. Kilichopungua ni doti.

Tutazame kwa karibu. Kwa kanuni wanayoitumia wapimaji, umri wa nanosekunde 3 unatoa kitundu chenye kipenyo cha nanomita 0.7 hivi. Kituo cha asidi kikiinyang'anya positroniamu elektroni yake, umri ukashuka hadi 2, karatasi itasema 0.6. Hakuna ukuta uliosogea, wala punje moja iliyoongezeka. Mheshimiwa amebana nyumba nzima bila kugusa tofali. Fundi gani wa Tabora anaweza hivyo?

Na hilo ni la upole. Siku nyingine hangoji msafara uingie nchini. Huzuia usiondoke kabisa. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji, na msafiri Stanley, aliyefika Unyanyembe, penye Tabora, mwezi Juni, akakwama hadi Septemba, kisha akazunguka kwa kusini. Asidi nayo huingilia positroni na elektroni zisikutane, positroniamu zikazaliwa chache. Mpimaji, kwa kuhesabu waliofika tu, huandika kuwa vitundu ni haba.

Wanaomtukana wana hoja moja: anadanganya. Hasha. Yeye anajibu swali ambalo hawakuuliza. Hawa waliuliza upana wa njia. Yeye akawaambia nani anaimiliki. Tena habari hiyo ina thamani kuliko upana, kwa kuwa asidi hizo hizo ndizo zinazopasua mafuta mazito katika viwanda vya kusafisha mafuta, na petroli nyingi ya dunia imepitia mikononi mwao. Dereva wa bodaboda wa Tabora humlipa kila anapojaza tangi, wala halalamiki. Profesa, ambaye hakutozwa hata senti, ndiye anayepiga kelele.

Dawa yake ni adabu. Pima madini yale yale mara mbili, yakiwa na sodiamu na yakiwa na haidrojeni. Tofauti ya umri na ya idadi ndiyo fungu lake. Halafu peleka gesi ya naitrojeni ikapime vitundu kwa njia yake, upate shahidi wa pili. Anayeruka hatua hizo na kuchapisha upana mmoja kwa kujiamini, asimlaumu aliyefanya kazi yake.

Tumwombee basi maisha marefu mheshimiwa huyu, ingawa yeye positroniamu hajawahi kuiombea hayo.