Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Muhuri wa Serikali ya Kijiji

Mheshimiwa Muhuri,
Popote ulipo (mezani, mkobani, au mfukoni mwa koti la mtunzaji wako aliyekwenda msibani),
Wilaya ya Maswa,
Mkoa wa Simiyu.

YAH: OMBI LA KUTAZAMA KWANZA NDIPO UGONGE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Lalago. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, ninayotaka kuiuza nihamie Bariadi kwa binti yangu. Kabla sijataja bei nimeona nikuandikie wewe, kwa sababu miaka yote niliyoishi hapa njia panda, huku Maswa, huku Kolandoto, huku Mwanhuzi, sijaona nyumba iliyouzwa na mwenyewe. Nyumba unauza wewe. Muuzaji anasifu, mnunuzi anahesabu, dalali anakula kiapo, mashahidi wanakunywa soda, lakini mpaka utue juu ya karatasi hakuna anayehamisha hata kigoda. Ukishatua, hata uongo hupata tarehe na sahihi.

Sisemi kwa kukudharau. Nakumbuka nilivyokutafuta wakati nanunua nyumba hii. Ofisi siitaji, maana mihuri ni mingi na mnafanana sura. Siku ya kwanza niliambiwa umesafiri. Nikajiuliza kipande cha mbao chenye mpira kimesafiri kwenda wapi. Kumbe mtunzaji wako alikuwa mnadani na mkoba wake, nawe ndani ya mkoba ukiangaliana na kamba ya ng'ombe. Siku ya pili ulikuwepo, ila wino ulikuwa umekauka. Nikatoa hela ya wino. Siku ya tatu wino ukapatikana, nikaambiwa sasa bado ile asilimia kumi. Ya nani? Ya Muhuri. Nyumba ilikuwa ya milioni sita, kwa hiyo ulitakiwa kula laki sita. Nilikaa pale kwenye benchi nikiwaza unakula nini cha laki sita, na wino nimekununulia mimi.

Nililipa. Nilipoomba stakabadhi niliulizwa kama sina imani na serikali.

Baadaye nikaazima kitabu cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, nikakisoma usiku kwa tochi ya simu nikitafuta hiyo asilimia kumi. Sikuiona. Labda imo kwenye sheria ndogo ya kijiji. Kama imo, tusomewe kwenye mkutano mkuu, nasi tutalipa na kupewa karatasi. Asilimia kumi ninayoifahamu ni ile ya Mamlaka ya Mapato (TRA), kodi ya ongezeko la mtaji, nayo inatozwa kwenye faida aliyopata muuzaji, haitozwi kwenye bei nzima. Tena aliyeishi kwenye nyumba yake miaka 3 au zaidi, na faida yake haizidi milioni 15, husamehewa. Mimi nimeishi humu miaka tisa, na faida, kwa sababu utakazozisoma chini, hakuna.

Nilichokiona kwenye kile kitabu ni kingine, nacho kilinikosesha usingizi. Anayeidhinisha ardhi ya kijiji itoke mkono huu iende mkono ule ni Halmashauri ya Kijiji. Yaani kikao. Watu 15 hadi 25, robo yao angalau wanawake, wameketi, wamejadili, na mtendaji ameandika muhtasari. Wewe, Mheshimiwa, ni alama kwamba kikao kilikaa. Mahakama ya Rufani ilibatilisha mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyokosa idhini ya halmashauri tangu mwaka 1985, kabla hata ya sheria hii tuliyonayo, na majaji wameendelea kusema hivyo hivyo. Sasa ukitolewa mkobani saa kumi na mbili jioni, chini ya mwembe, na mtu mmoja mwenye haraka ya kwenda kula, unakuwa umegonga nini? Umegonga karatasi.

Kwa hiyo atakayekuja kununua kwangu nitamwambia asiniombe muhuri. Aniombe nakala ya muhtasari: tarehe, majina ya waliohudhuria, ajenda ya ngapi. Asipoomba nitampa kwa nguvu.

Kuna jambo la baba yangu mdogo, na hili naomba ulisikilize kwa utulivu maana ulihusika. Aliuza nyumba yake mwezi wa saba, kwa ng'ombe wawili na fedha taslimu, wakati mayu mdogo, mkewe, amekwenda Mwanhuzi kumuuguza dada yake. Ile hati ilikuwa na wewe mara tatu: juu, chini, na juu ya picha ya mnunuzi, ukamfunika pua. Mashahidi walikuwa sita, wanaume watupu, wawili wao hadi leo hawajui nyumba yenyewe iko upande gani wa barabara. Mayu aliposhuka kwenye basi alikuta godoro lake chini ya mti na kijana asiyemjua anamkaribisha ndani kwake anywe maji.

Hakulia. Aliingia jikoni, akatoka na kipande cha mkaa, akaandika ukutani kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Yule kijana akaleta karatasi, akakuonyesha wewe kwa kidole. Mayu akakutazama kwa makini, akauliza, "Huyu alilala humu lini?"

Hakuwahi kusoma sheria, lakini alikuwa ameikariri bila kujua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mume au mke hawezi kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni lake peke yake. Na ridhaa si baba mdogo kuwaambia mashahidi "mama hana neno". Ni mama mwenyewe awepo, aulizwe, atie sahihi au dole gumba, jina lake liandikwe vizuri. Baba mdogo alirudisha fedha alizokwisha kuzila, na ng'ombe mmoja tu, maana wa pili alishachinjwa kusherehekea biashara. Nyumba imepakwa chokaa mara mbili tangu siku hiyo, na yale maandishi ya mkaa bado yanasomeka chini yake.

Huku kwetu jambo hili lina historia, Mheshimiwa, na haichekeshi. Kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012 tulikuwa Shinyanga, na ni wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa na wakwe kwenye nyumba walizoishi na waume zao, kwa kisingizio cha sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963. Walikwenda Mahakama Kuu, wakaenda Mahakama ya Rufani, wakakwama. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikasema walidhulumiwa na kwamba sheria hiyo irekebishwe. Kwa hiyo shemeji akikujia na hati ya kuuza nyumba ya marehemu kaka yake, uliza kwanza mjane yuko wapi. Usikubali jibu la "amerudi kwao". Kwao ni pale.

Sasa niseme habari ya nyumba yangu, maana nimeahidi kuuza kwa ukweli.

Iko kwenye mbuga. Wazee wetu walikuwa na majina mengi ya udongo kuliko majina ya ng'ombe: luseni, ule wa mchanga mchanga wa mwinukoni, itogolo, mgumu unaokataa jembe, na mbuga, mweusi wa bondeni, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua mpaka mguu wa mbuzi unaingia. Mbuga ni tajiri. Inatuoteshea pamba, inatupa mpunga, na baada ya mvua inabaki na unyevu wa kukuza dengu. Ila haipendi nyumba. Nyumba kwenye mbuga ni kama mtu aliyelala juu ya mgongo wa punda: punda akipumua, naye anapanda na kushuka.

Nani huku hajui hayo? Wote tunajua. Shida ni kalenda. Msimu wa pamba unafunguliwa mwezi wa tano, fedha zinaingia mwezi wa sita na wa saba, na hapo ndipo kila mtu anataka nyumba. Wakati huo ardhi imekauka na imetulia, dirisha linafunguka vizuri, ua umefagiwa, muuzaji amepiga lipu mpya na rangi ya krimu. Fedha ya pamba na ukweli wa udongo havikutani hata siku moja. Mimi nilinunua Julai. Januari mlango wa chumbani ukakataa kufunga. Machi ufa ukatoka kwenye kona ya dirisha ukapanda mshazari mpaka kwenye linta. Leo naingiza kidole gumba. Mke wangu anaweka humo sindano zake za kushonea, anasema angalau hazipotei.

Laiti ningeuliza majirani wanalima nini! Nyuma ya uzio kulikuwa na mabua ya dengu. Kando yake majaruba ya mpunga. Mtu yeyote wa huku angeona hayo akageuza baiskeli. Mimi nilikuwa natazama bati. Dalali aliniambia linang'aa mpaka ndege wanajitazama, nikaamini hiyo ni sifa ya nyumba.

Ushauri wangu kwa mnunuzi ni wa bure, hauhitaji asilimia: njoo uitazame nyumba wakati wa masika, viatu vikijaa matope. Fungua na ufunge milango yote, hata wa choo. Ukiona ukuta mmoja tu umepakwa rangi mpya, uliza ule ukuta una nini kinachofichwa. Mwombe mwenye nyumba uchimbe kidogo kando ya msingi, akikukatalia, ameshakujibu. Na ukinunua kiwanja kitupu mbugani, weka bajeti ya msingi kwanza, bati na vigae baadaye.

Barabara nayo usiiache. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati. Wengi hapa wananunua kwa kuangalia umbali wa kwenda kupanda basi, karibu kabisa na lami au pale lami itakapopita, kisha asubuhi moja wanaamka na alama ya X nyekundu ukutani. Ndugu, futi kamba haina gharama. Simama katikati ya barabara (magari yakiwa mbali), pima. Ukuta wangu uko mita 41. Nimepima mara tatu.

Mipaka ni rahisi zaidi, lakini isiwe ya kuonyeshwa kwa kidevu. Waite majirani wa pande zote nne, mtembee pamoja kwenye mkonge na minyaa, nao ndio wawe mashahidi. Mtu aliyealikwa kwenye soda hajui mpaka unaishia wapi. Jirani anajua mpaka siku mkonge ulipopandwa, na nani aliusogeza.

Tena samahani kukuambia hili, lakini una mshindani. Anaitwa ushuru wa stempu. Huyu hulipwa TRA, takriban asilimia 1 ya bei, na hati ambayo haijalipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ilipiwe. Watu wengi hapa wana wewe na hawana yeye. Wanafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na karatasi yenye miduara ya bluu mitano, wanaulizwa stempu iko wapi, wanaonyesha wewe. Na wasidhani watamalizana huko kwenye baraza la kata: tangu mwaka 2021 baraza la kata linapatanisha tu, halitoi hukumu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Usiku ukitolewa mkobani, ukasikia harufu ya nyama choma, ukaona hakuna mwanamke hata mmoja kwenye benchi, kauka wino. Ulikauka kwangu bila sababu. Nakuomba ukauke mara moja kwa sababu.

Nyumba yangu naiuza kwa bei pungufu ya niliyonunulia, ufa ukiwa ndani ya bei. Mke wangu amekubali na atasema mwenyewe. Nimeshaomba iwekwe kwenye ajenda ya kikao cha halmashauri.

Wako mtiifu,
Mwenye nyumba yenye ufa,
Lalago.

N.B. Wakati nafunga barua hii amekuja mteja wa kwanza, amevaa vizuri, ana fedha ya pamba. Nikampeleka moja kwa moja kwenye ufa, nikamwambia aingize kidole. Akacheka tu. Nikamwita mke wangu aje azungumze naye. Akasema hakuna haja, mama aendelee na kazi zake. Nikamwonyesha dengu za jirani. Akatazama bati. Kisha akanivuta kando, akashusha sauti, akauliza, "Mzee, Muhuri upo?"